Kimya cha kilindini: msako wa ndege ya AF 447 kwa mawimbi ya sauti, 2009–2011

Ndege ya Air France AF 447, aina ya Airbus A330, iliondoka Rio de Janeiro jioni ya tarehe 31 Mei 2009 kuelekea Paris ikiwa na watu 228. Usiku huohuo, ambao kwa saa za Greenwich ulikuwa umeingia tarehe 1 Juni, ilianguka katikati ya Bahari ya Atlantiki bila marubani kutoa taarifa yoyote ya hatari. Mabaki yake yalionekana tarehe 3 Aprili 2011, kwenye kina cha takriban mita 3,900, umbali wa maili 6.5 za baharini, yaani kilomita 12 hivi, kutoka mahali pa mwisho ambapo ndege ilijulikana kuwapo. Kati ya tarehe hizo mbili ilipita miezi 22, na familia za marehemu ziliishi muda wote huo bila kujua wapendwa wao wamelala wapi wala kwa nini. Jambo zito zaidi ni kwamba vyombo vya kusikiliza vilikuwa vimeshapita karibu na mabaki hayo katika mwezi wa kwanza wa msako, na havikusikia kitu.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama ushindi wa roboti za baharini, na hakuna anayeukataa ushindi huo. Lakini ukiufuata msako hatua kwa hatua, unaona kwamba uhaba wa vyombo haukuwa kikwazo kikubwa. Sauti ilitumiwa kwa njia mbili: ya kusikiliza na ya kupiga mwangwi. Njia ya kwanza ilirudi na kimya, kimya hicho kikapewa uzito kuliko kilivyostahili, na uzito huo ukaisukuma njia ya pili mbali na mahali ilipopaswa kuanzia. Uchambuzi huu unahusu uzito huo: ulitokana na nini, uligharimu nini, na ulirekebishwa vipi.

Kwa nini sauti

Maji ya bahari huzima karibu kila wimbi tunalolitumia kutafutia vitu nchi kavu. Mwanga wa jua hufifia kiasi kwamba chini ya mita 200 hautoshi tena kulisha mimea, na chini ya mita 1,000 ni giza tupu. Mawimbi ya redio na ya rada humezwa na maji ya chumvi kabla hayajafika mbali, ndiyo maana hakuna setilaiti inayoweza kuiona injini iliyolala kilindini. Sauti ndiyo husafiri. Katika maji ya bahari hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na sauti nzito huweza kuvuka mamia ya kilomita kabla ya kupotea.

Kasi hiyo haiko sawa kila mahali. Hubadilika kwa joto, kwa chumvi na kwa mgandamizo wa maji, na kwa kuwa tabaka za bahari hutofautiana katika mambo hayo yote, wimbi la sauti halisafiri kwa mstari mnyoofu bali hupinda kuelekea tabaka ambako kasi yake ni ndogo. Anayesoma mwangwi bila vipimo vya joto na chumvi vya eneo hilo atakosea umbali, na huenda akaacha kanda nzima ambayo sauti yake haikuifikia, huku akiamini kwamba ameshaipekua.

Kikwazo cha pili ni masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, na hapa kila fundi wa sona, chombo kinachotafuta vitu majini kwa sauti, hulazimika kuchagua. Sauti kali ya masafa ya juu ina mawimbi mafupi, kwa hiyo inaweza kuchora umbo la kitu kidogo, lakini maji huinyonya upesi. Sauti nzito hufika mbali, ila picha yake ni ya jumla mno. Kwa masafa ya kilohezi 37.5, ambayo yatajirudia katika kisa hiki, urefu wa wimbi ni sentimita 4 hivi, na kila kilomita ya maji huiachia sauti takriban sehemu moja ya kumi tu ya nguvu iliyokuwa nayo, mbali na upungufu unaotokana na kutawanyika kwake kila upande.

Duara la kilomita 75

Ndege ilikuwa ikituma nafasi yake kwa setilaiti kila baada ya dakika 10 hivi. Nafasi ya mwisho ilipokewa saa 8 na dakika 10 usiku kwa saa za Greenwich. Dakika hizohizo zikaanza kuingia taarifa za kiufundi ambazo ndege huzituma yenyewe bila kuguswa na mtu, jumla yake 24, zikionyesha kwamba mitambo ya kupima kasi na ya kujiendesha ilikuwa na hitilafu. Ya mwisho ilifika saa 8 na dakika 14. Baada ya hapo hakukuja kitu. Shirika la Ufaransa la uchunguzi wa ajali za ndege, BEA, likahesabu umbali ambao ndege ingeweza kwenda katika dakika hizo chache na kuchora duara lenye nusu kipenyo cha maili 40 za baharini, karibu kilomita 75, kuizunguka nafasi hiyo. Ndani ya duara kulikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 17,000 za sakafu ya bahari, sehemu kubwa yake ikiwa ni milima na mabonde ya safu ya katikati ya Atlantiki.

Vitu vinavyoelea, pamoja na miili ya kwanza, vilianza kuonekana tarehe 6 Juni, takriban kilomita 70 kaskazini mwa nafasi ya mwisho. Tangu ajali mikondo na upepo vilikuwa vimevisukuma kwa siku tano, katika ukanda wa ikweta ambako mikondo hubadilika na hata hukinzana. Kuirudisha nyuma safari ya mabaki hayo kwa kompyuta ni kazi halali, lakini kila siku inayoongezeka hutanua mipaka ya kosa. Jambo hili litaonekana tena mbele.

Mwezi wa kusikiliza

Kila kimoja kati ya visanduku vyeusi viwili kilikuwa kimefungiwa kifaa cha mlio: silinda yenye urefu wa sentimita 10 hivi, inayoamshwa na maji yenyewe, ambayo hulia mara moja kila sekunde kwa kilohezi 37.5 kwa muda usiopungua siku 30. Mlio huo uko juu kabisa ya uwezo wa sikio la binadamu, na hudumu sehemu ndogo tu ya sekunde.

Ukirudi kwenye hesabu ya kunyonywa kwa sauti, utaona ugumu wa kazi hiyo. Mlio unaopanda kutoka mita 3,900 hufika juu ya maji ukiwa na chini ya sehemu moja kwa elfu ya nguvu ambayo ungebaki nayo kama ungepungua kwa kutawanyika tu, na huko juu unakutana na kelele za mawimbi, mvua na mitambo ya meli yenyewe. Kwa hiyo sikio lazima lishushwe. Meli mbili, Fairmount Expedition na Fairmount Glow, zilikodiwa kukokota vyombo vya kusikilizia vya Jeshi la Wanamaji la Marekani, vikining'inia kilindini kwenye waya mrefu na kusogea polepole kwenye mistari iliyopangwa. Nyambizi ya Ufaransa, Émeraude, nayo ilitumwa kusikiliza. Kazi ilianza tarehe 10 Juni na kumalizika tarehe 10 Julai 2009, wakati betri za vifaa vya mlio zilipotarajiwa kwisha.

Chombo cha namna hiyo, katika hali nzuri, kinatarajiwa kuusikia mlio ukiwa ubavuni mwake kwa umbali wa kilomita 1.7 hivi. Tarehe 22 na 23 Juni vyombo vilipita mahali ambapo, kwa kipimo hicho, vilipaswa kuusikia kama ungekuwapo. Mabaharia walifanya walichotumwa, waya ulikuwa kwenye kina kinachofaa, mashine zilikuwa zikirekodi. Eneo hilo likatiwa alama ya kuwa limepekuliwa.

Alama ile ya ramani ina mambo mawili ndani yake ambayo hayafanani. La kwanza ni kwamba hapakusikika mlio, na hilo ni kweli. La pili ni kwamba hapakuwa na ndege, na hilo ni hitimisho linalosimama juu ya sharti ambalo hakuna aliyeweza kulikagua kutoka juu ya maji, yaani kwamba angalau kifaa kimoja kati ya viwili kilinusurika kishindo na kilikuwa kikilia. Vifaa hivyo hutengenezwa vistahimili kishindo kikubwa, na kuviamini halikuwa jambo la kipuuzi. Lakini vyote viwili vilifungwa kwenye visanduku vilivyokaa mkiani, vikapata pigo lilelile katika sekunde ileile. Kama kimoja kilivunjwa na pigo hilo, uwezekano wa kwamba cha pili nacho kilivunjwa ni mkubwa kuliko ambavyo ungekuwa kama vingekuwa vimetengana.

Mwangwi na kivuli

Kuanzia mwishoni mwa Julai 2009 njia ya pili ilichukua nafasi. Meli ya utafiti Pourquoi Pas?, ya taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa bahari, Ifremer, ilianza kukokota sona ya ubavuni. Chombo hiki kinastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu ndicho kilichokuja kuipata ndege, na kwa sababu picha zake husomwa tofauti na picha za kamera.

Sona ya ubavuni huenda karibu na sakafu, makumi ya mita tu juu yake, na kila mara hutoa mlio mfupi kulia na kushoto. Mlio huo ni mwembamba sana kwa upande wa mbele na nyuma lakini mpana kutoka chini ya chombo hadi mbali ubavuni, kwa hiyo kila mlio mmoja hugusa ukanda mwembamba wa sakafu. Mwangwi wa sehemu zilizo karibu hurudi kwanza, wa mbali hufuata, na nguvu yake katika kila sehemu ya sekunde huandikwa kama doa angavu au hafifu. Chombo husogea kidogo, kikatoa mlio mwingine, mstari mwingine ukaongezeka, na mistari maelfu kwa maelfu ikipangwa pamoja hufanya picha.

Chukua sona inayotazama mita 700 kila upande. Sauti huhitaji zaidi kidogo ya sekunde 0.9 kwenda na kurudi, na kabla haijarudi hakuna mlio mwingine unaoweza kutolewa bila kuchanganya majibu. Chombo kinachokwenda mita 2 kwa sekunde kitakuwa kimesogea karibu mita 1.9 kati ya mlio mmoja na mwingine. Upana wa mlio nao huongezeka kadiri unavyokwenda mbali: ukiwa na nyuzi 1, kwenye umbali wa mita 600 umeshafikia mita 10 hivi. Kipande cha bawa kitaonekana pale kama doa lililovutwa, na kiti kitapotea kabisa. Anayetaka kuona kiti lazima asogee karibu na atumie masafa ya juu zaidi, na akifanya hivyo ukanda anaoupekua kwa siku unapungua mno.

Kinachowasaidia wasomaji wa picha hizi ni kivuli. Kitu kilichosimama juu ya sakafu huzuia sauti isifike nyuma yake, na mahali pasipofikiwa na sauti hapana mwangwi, kwa hiyo nyuma ya doa angavu hutokea ulimi mweusi. Urefu wa ulimi huo hueleza urefu wa kitu chenyewe kwa hesabu ya pembetatu zinazofanana. Kama sona iko mita 60 juu ya sakafu, na kivuli cha mita 15 kinaishia umbali wa mita 300, basi kitu kilichokitupa kivuli hicho kimesimama mita 3 juu ya sakafu: 15 mara 60, gawanya kwa 300. Chuma na sehemu bapa zenye kona hurudisha mwangwi mkali, tope laini hurudisha hafifu, na mwamba uliopasuka hurudisha mwangwi mkali pia, na hapo ndipo matatizo yalipo. Kwenye mteremko wenye mawe, vipande vya ndege vinaweza kulala mbele ya macho ya mtaalamu na bado akavihesabu kuwa ni mawe.

Ramani iliyosogea

Msako wa Pourquoi Pas? ulichaguliwa maeneo ambayo sona yake ingeweza kufanya kazi na ambayo hayakuwa yamepekuliwa kabla. Hapo ndipo kimya cha Juni kilipoanza kugharimu, kwa kuwa eneo lililosikilizwa lilihesabiwa kuwa limepekuliwa sawa na eneo lililopigwa picha. Meli ilirudi katikati ya Agosti bila kitu.

Mwaka uliofuata, kuanzia Aprili hadi Mei 2010, zilitumwa meli mbili, Anne Candies na Seabed Worker. Ya kwanza ilikokota sona, ya pili ilibeba roboti tatu za aina ya Remus 6000. Safari hii ramani iliongozwa na kundi la wataalamu wa mikondo, ambao kwa kuirudisha nyuma safari ya mabaki yanayoelea walipata eneo lililokuwa kaskazini na magharibi mwa nafasi ya mwisho. Vyombo vilipekua eneo hilo kwa uangalifu mkubwa. Hapakuwa na ndege.

Katikati ya kazi hiyo, mwezi Mei, wachambuzi wa jeshi la wanamaji la Ufaransa walirudia kusikiliza kanda za Émeraude kwa programu mpya, wakaona dalili za mlio upande wa kusini magharibi. Meli ikaelekezwa huko. Napo hapakuwa na kitu. Msako huu ulipotoshwa basi na pande zote mbili za sikio: mahali palipokuwa na ndege hapakusikika mlio, na mahali palipodhaniwa kusikika mlio hapakuwa na ndege.

Kukipima kimya

Mwezi Julai 2010 BEA iliwapa wataalamu wa takwimu wa kampuni ya Metron ya Marekani, wakiongozwa na Lawrence Stone, kazi ya kuyapitia upya matokeo yote. Njia yao ilitokana na kanuni ya Thomas Bayes ya karne ya 18, na msingi wake ni mwepisi: anza na ramani ya uwezekano kabla ya kutafuta, kisha kila eneo ulilopekua bila kupata kitu ulipunguzie uwezekano kwa kadiri ya uwezo wa chombo chako kukiona kitu kama kingekuwapo, na yale usiyoyagusa yapande kwa kiasi hicho. Eneo lililopekuliwa haliwi sifuri kamwe, isipokuwa kama chombo hakiwezi kukosea.

Namba zifuatazo ni zangu, za kuonyesha jinsi hesabu inavyokwenda. Tuseme kabla ya kusikiliza tuliamini kwamba kuna asilimia 40 ya uwezekano wa ndege kuwa karibu na nafasi ya mwisho, na kwamba vyombo vina uwezo wa asilimia 90 kuusikia mlio unaolia. Tukiamini kabisa kwamba vifaa vya mlio vinafanya kazi, basi kimya kinashusha ile asilimia 40 hadi takriban 6, na nahodha yeyote mwenye busara ataipeleka meli kwingine. Lakini tukikubali uwezekano wa asilimia 30 tu kwamba vifaa vyote viwili vilivunjika pamoja, kimya kilekile kinatuacha na karibu asilimia 20. Na kama vilivunjika kwa hakika, tunabaki na 40 yetu yote, kwa kuwa kimya cha kifaa kilichokufa hakituambii chochote.

Tofauti kati ya asilimia 6 na asilimia 20 haitokani na chombo bora wala na bahari tulivu. Inatokana na swali moja ambalo lilipaswa kuulizwa Julai 2009: ni nini kingine kingeweza kusababisha kimya hiki? Sisemi hivi kuwalaumu waliokuwa kwenye meli. Wakati ule kulikuwa na haraka ya kweli, betri zilikuwa zikiisha, na kila aliyekuwa na wazo alilileta. Hata hivyo naamini kwamba kama uwezekano wa kuvunjika kwa vifaa ungeandikwa kama namba kwenye ramani ya kwanza, sona ya ubavuni ingekwenda katikati ya duara mapema zaidi.

Wataalamu wa Metron waliongeza jambo jingine. Walitazama ajali za nyuma za ndege zilizopoteza udhibiti zikiwa angani, ambazo zilionyesha kwamba ndege huanguka karibu na mahali tatizo lilipoanza, ndani ya maili 20 za baharini. Hesabu za mikondo nazo waliziweka, lakini kwa uzito mdogo, kwa sababu ya siku zile tano. Kisha wakachora pia ramani kwa dhana kwamba vifaa vyote viwili vya mlio vilikuwa vimekufa, na kwenye ramani hiyo eneo la katikati, lile lililotiwa alama ya kupekuliwa mwezi Juni 2009, lilipanda likawa juu ya mengine yote. Ripoti yao ilitoka Januari 2011.

Siku za Alucia

Meli ya Alucia iliondoka bandari ya Suape, Brazil, Machi 2011, ikiwa na roboti tatu za Remus 6000 zilizoendeshwa na wataalamu wa taasisi ya Woods Hole ya Marekani. Roboti hii ina umbo la torpedo, urefu wake ni karibu mita 4, na inaweza kushuka hadi mita 6,000. Haivutwi na waya. Hupewa mpango wa safari ikiwa bado juu ya meli, ikashuka, ikafuata mistari yake huku ikipima mwendo wake kwa mwangwi unaotoka sakafuni, na baada ya saa nyingi ikapanda yenyewe. Faida yake kubwa ni utulivu: chombo kinachokokotwa kwa waya wa kilomita kadhaa hutikiswa na kila wimbi linaloitikisa meli, na kugeuka mwishoni mwa mstari huchukua saa kadhaa, wakati roboti hugeuka papo hapo na kukaa kwenye kimo kilekile juu ya sakafu.

Ina upungufu mmoja unaowafanya watu wakose usingizi. Sauti inayopita majini haiwezi kubeba picha nzito za sona kwa kasi inayofaa, kwa hiyo roboti huhifadhi kila kitu ndani yake, na walio juu hawajui imeona nini mpaka itolewe majini na kumbukumbu yake isomwe. Msako ulianza tarehe 25 Machi, safari hii katikati ya duara. Zaidi kidogo ya wiki moja baadaye, kwenye picha za safari iliyokuwa imemalizika, lilitokea kundi la madoa makali juu ya sakafu tambarare yenye tope, eneo la takriban mita 600 kwa 200. Tambarare hiyo ilikuwa bahati. Pembeni yake kuna milima, na kama vipande vingeangukia mteremkoni, huenda madoa hayo yangechanganyika na mawe.

Mwangwi peke yake haukutosha kuthibitisha. Roboti ilirudishwa chini na kamera na taa, ikapita mita chache juu ya sakafu na kupiga picha maelfu kwa umbali ambao mwanga unaweza kuvuka. Zilionekana injini, magurudumu, sehemu za bawa na za kiwiliwili cha ndege. Tarehe 3 Aprili 2011 BEA ilitangaza kwamba ndege imepatikana.

Kilichopatikana baada ya hapo

Meli ya Île de Sein, ikiwa na roboti ya waya iitwayo Remora 6000, ilikwenda kutoa visanduku vyeusi. Sehemu ya kumbukumbu ya kinasa-data ilipatikana tarehe 1 Mei, na kinasa sauti cha chumba cha marubani siku iliyofuata. Baada ya karibu miaka miwili chini ya mgandamizo wa mita 3,900 za maji, vyote vilisomeka. Ripoti ya mwisho, ya Julai 2012, ikaeleza jinsi chembe za barafu zilivyoziba mirija ya kupimia kasi, mtambo wa kujiendesha ukajizima, na marubani wakashindwa kuitambua na kuiokoa ndege iliyokuwa imepoteza nguvu ya kupaa.

Kwa upande wa sauti, lililo muhimu lilitokea maabara. Kinasa sauti kilipatikana kikiwa bado na kifaa chake cha mlio. Kilipounganishwa na umeme wa kutosha, hakikutoa mlio wowote. Kilikuwa kimeharibika katika ajali yenyewe, kwa hiyo tarehe 22 na 23 Juni 2009 vyombo vile vilikuwa vikisikiliza kifaa kisichoweza kulia. Sehemu ya kumbukumbu ya kinasa-data ilipatikana bila kifaa chake.

Tangu Desemba 2009, kabla hata ndege haijapatikana, BEA ilikuwa imependekeza vifaa vya visanduku vilie kwa siku 90 badala ya 30, na ndege zinazovuka bahari ziongezewe kifaa kingine, cha masafa ya chini. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliyaingiza mambo hayo kwenye kanuni zake, kuanzia 2018. Kifaa kipya hulia kwa kilohezi 8.8. Kwa masafa hayo wimbi lina urefu wa sentimita 17 hivi na kila kilomita ya maji hunyonya takriban sehemu moja ya tano tu ya nguvu, kwa hiyo mlio unaotoka kwenye kina kama kile cha AF 447 unaweza kufika juu ukiwa bado unasikika, na meli haihitaji kusubiri waya wa kilomita nyingi. Kifaa hicho hufungwa kwenye kiunzi cha ndege, wala si kwenye visanduku, na jambo hilo naliona kuwa na thamani sawa na masafa yenyewe, kwa kuwa pigo linaloviharibu vifaa vya visanduku mkiani haliwi tena pigo lilelile linaloamua hatima ya mlio wa tatu.